Sungura na simbilisi hawatapiki: Hatari za sakafuni zinazowaua ndani ya nyumba

Mbwa akila kitu kibaya, mara nyingi hukitapika. Paka pia. Sungura na simbilisi hawana bahati hiyo. Maumbile yao hayawaruhusu kutapika: kilichoshuka kooni kimeshuka, na kitapita tumboni na kwenye utumbo mpaka mwisho.

Ndiyo maana kitu ambacho kwa mbwa kingekuwa usumbufu wa usiku mmoja, kwa sungura kinaweza kuwa kifo. Na vitu hivyo haviko porini. Viko chini ya kochi, nyuma ya friji na pembeni ya jiko.

Siku hizi kuna sungura wanaozurura sebuleni katika baadhi ya nyumba za mijini. Kuhusu simbilisi, habari ni ya zamani zaidi. Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na huko Kivu mashariki mwa Kongo, familia nyingi huwafuga wakiwa huru jikoni, wakiokota maganda na majani chini huku watu wakipika.

Kumwachia mnyama nafasi ya kukimbia si kosa. Anayefungiwa kwenye kisanduku kidogo siku nzima hunenepa, huchoka na hata kuugua. Swali ni moja tu: sakafu anayokimbilia ina nini?

Kwa nini wao hasa?

Mbali na kutotapika, wana mambo matatu yanayowaweka hatarini.

La kwanza ni meno. Meno ya sungura na simbilisi hayaachi kukua maisha yao yote. Yale ya mbele ya sungura hukua takriban milimita 2 hadi 3 kila wiki. Kwa hiyo kutafuna si utundu, ni lazima. Asipopata nyasi ngumu na vijiti vya kusagia meno, atatafuta waya, mguu wa meza au kona ya zulia.

La pili ni utumbo. Chakula lazima kitembee muda wote, mchana na usiku. Kikisimama, gesi hujaa, maumivu humfanya aache kula, na kuacha kula huzidisha tatizo. Uzi wa zulia, sponji ya godoro au kipande cha plastiki vinaweza kuanzisha mzunguko huo.

La tatu ni mifupa. Mifupa yote ya sungura kwa pamoja ni kama asilimia 8 tu ya uzito wake, wakati misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Akipiga teke akiwa ameshikwa vibaya, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe.

Nyaya: hatari iliyo wazi kuliko zote

Kwa sungura, waya mweusi uliolala sakafuni unafanana na mzizi uliokatiza njia yake. Hujaribu kuusafisha kwa meno, na hufanya hivyo kwa sekunde chache.

Upande wa chaja unaoingia kwenye simu hubeba umeme mdogo, na hasara kubwa hapo ni chaja yenyewe. Lakini waya wa ekstensheni, friji, runinga au pasi hubeba umeme kamili wa nyumbani, yaani volti 230 hadi 240. Mnyama wa kilo mbili hawezi kuuhimili.

Hata akinusurika, asichukuliwe kuwa amepona. Mdomo unaweza kuwa umeungua kwa ndani, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Mnyama aliyepigwa na umeme apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama anaonekana mzima.

Kinga yake ni ya bei ndogo. Chukua mpira wa zamani wa kumwagilia maji, upasue kwa urefu, kisha uvishe waya. Nyaya nyingine zipandishwe ukutani au zipitishwe nyuma ya kabati lisilo na upenyo. Ekstensheni ikae juu ya meza, si chini.

Ukimkuta mnyama ameng'ang'ania waya, usimguse kwanza. Zima umeme kwenye swichi kuu, halafu mshike.

Sumu ya panya haichagui

Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu nyumba nyingi zina panya na panya lazima wadhibitiwe. Tatizo ni kwamba panya na simbilisi wanatembea sakafu moja, wananusa vitu vilevile na wanapenda nafaka zilezile. Simbilisi ni mgugunaji, kundi moja na panya.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Panya naye hawezi kutapika, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya sumu imwue kirahisi. Sasa weka sungura au simbilisi mbele ya chambo kilekile. Matokeo ni yaleyale.

Sumu zinazouzwa madukani na barabarani haziko za aina moja, na tofauti yake ni muhimu.

Kuna zinazozuia damu kuganda, kama zenye brodifakumu au bromadioloni. Nyingi huja kama vidonge au nafaka za rangi ya pinki, bluu au kijani. Siku ya kwanza mnyama hula na kukimbia kama kawaida. Dalili huanza baada ya siku 2 hadi 5: unyonge, fizi kupauka, damu puani au kwenye mkojo. Aina hii ina dawa, vitamini K1, inayotolewa na daktari kwa wiki kadhaa. Ila inasaidia zaidi ikianza kabla damu haijavuja.

Kuna zenye zinki fosfaidi, poda ya kijivu inayokaribia weusi. Ikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi ya sumu iitwayo fosfini. Hii huua ndani ya saa chache na haina dawa maalumu ya kuikata. Gesi hiyo inaweza kumdhuru hata mtu anayemhudumia mnyama, kwa hiyo madirisha yafunguliwe.

Halafu kuna vile vipakiti visivyo na lebo. Hapo hata daktari hana pa kuanzia, maana hajui anapambana na nini. Kama lazima ununue sumu, nunua yenye jina na utunze pakiti yake.

Gundi ya panya nayo si salama. Mtoto wa simbilisi akinasa, hupambana mpaka achubuke ngozi au avunjike mguu. Usimvute. Mafuta ya kupikia yakipakwa taratibu hulegeza gundi, kisha aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa vizuri.

Je, mwenye panya afanye nini? Njia iliyo salama zaidi ni kugawana muda na nafasi. Panya hutembea zaidi usiku. Basi wanyama wafungwe kwenye banda lao jioni, mitego ya chuma itegwe usiku, na asubuhi iondolewe kabla mlango wa banda haujafunguliwa. Unga, mchele na pumba viwekwe kwenye ndoo zenye mifuniko. Matundu ya ukutani yazibwe kwa wavu wa chuma na saruji. Nyumba isiyo na chakula cha panya haihitaji sumu nyingi.

Jikoni: si kila ganda ni chakula

Kutupa maganda chini "simbilisi watakula" ni mazoea ya miaka mingi. Maganda mengi hayana shida, lakini machache ni sumu.

- Parachichi. Majani, ganda na kokwa lake vina kemikali iitwayo persini, inayoweza kuharibu moyo wa sungura na simbilisi. Wasipewe sehemu yoyote ya parachichi, hata ile nyama yake.
- Majani ya nyanya na ya viazi mviringo, pamoja na viazi vilivyogeuka kijani au kuchipua. Vina solanini.
- Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa. Huharibu chembe nyekundu za damu.
- Majani mabichi ya muhogo, hasa muhogo mchungu. Yakitafunwa hutoa sianidi.
- Chokoleti, biskuti na mkate. Chokoleti ni sumu. Biskuti na mkate si sumu, ila wanga na sukari nyingi huvuruga utumbo.

Neno "viazi" huwachanganya watu hapa. Majani ya viazi vitamu, yaani matembele, ni chakula kizuri cha sungura. Majani ya viazi mviringo ni sumu. Mimea hiyo miwili haina undugu wa karibu, ni jina tu ndilo linalofanana.

Maua ya chungu nayo yaangaliwe. Difenbakia, lile ua la ndani lenye majani mapana ya kijani yenye mabaka meupe, huunguza mdomo na koo. Oleanda, inayopandwa sana kwenye nyua za mijini, hudhuru moyo. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, una mbegu zenye risini, moja ya sumu kali zinazotokana na mimea.

Dawa zilizo kwenye kabati

Sungura ana mafua, nyumbani kuna amoksilini iliyobaki mtoto alipougua. Mwenye nyumba anafungua kapsuli, anachanganya kidogo na maji na kumpa. Nia ni njema, lakini anaweza kumuua.

Ndani ya utumbo wa sungura na simbilisi kuna bakteria wema wanaosaga nyasi. Dawa za jamii ya penisilini, zikiwemo amoksilini na ampisilini, zikipita mdomoni huwaua bakteria hao. Nafasi yao huchukuliwa na bakteria wabaya wanaotengeneza sumu. Mnyama huanza kuharisha, huacha kula, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Simbilisi huathirika haraka zaidi. Kuna antibiotiki zinazowafaa, lakini kuchagua na kupima ni kazi ya daktari wa mifugo.

Dawa za viroboto nazo zina mtego wake. Dawa ya matone yenye fipronili hutumika sana kwa mbwa na paka bila shida. Kwa sungura inaweza kuleta degedege na kifo. Kama nyumba moja ina mbwa na sungura, mbwa aliyetoka kupakwa dawa asilale naye karibu mpaka ikauke kabisa.

Vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kuzuia nondo na mende kabatini visiachwe mahali vinapoweza kubingirika mpaka sakafuni. Ni sumu vikiliwa.

Joto, moshi na harufu

Sungura hatoi jasho kama binadamu, na hawezi kuhema vizuri kama mbwa ili kujipoza. Hutegemea zaidi masikio yake kutoa joto. Chumba kikizidi nyuzi joto 28 hivi, anaanza kupata shida. Kwa Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Januari na Februari, hiyo ni hali ya kila siku.

Chupa ya maji yaliyogandishwa, ikifungwa kwenye taulo na kulazwa sakafuni, humpa mahali pa kuegemea. Feni isaidie kuzungusha hewa chumbani, isielekezwe usoni mwake. Asimwagiwe maji ya barafu, mshtuko wake unaweza kumuua.

Sehemu za baridi zina tatizo la kinyume. Juni na Julai, jiko la mkaa huingizwa ndani ili kupasha chumba joto. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Wanyama wadogo hupumua haraka, hivyo huizidisha mwilini mapema. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka migodini na ndege aina ya kanari kwa sababu hiyohiyo, na utaratibu huo ulikoma mwaka 1986 tu. Simbilisi wakianza kulegea kwenye chumba chenye jiko la mkaa, watu wote watoke nje kwanza. Hiyo si habari ya simbilisi peke yao.

Kupiga deki kwa dawa yenye klorini juu ya mkojo wao nako kuna hatari. Mkojo una amonia, na vikichanganyika hutoa gesi inayochoma macho na mapafu. Osha kwanza kwa maji na sabuni, suuza, ndipo utumie klorini, na wanyama warudi pakishakauka.

Miguu, milango na siafu

Ajali nyingine hazina sumu ndani yake. Mtu anashuka kitandani gizani na kukanyaga. Mtoto anafunga mlango kwa nguvu. Mgeni anakaa kwenye kochi bila kujua kuna kitu kimejificha ndani ya sponji.

Vigae vinavyoteleza huwafanya sungura watanuke miguu na kuumia nyonga. Mkeka au kapeti lisilochanika nyuzi linatosha kuwapa pa kukanyaga. Ndoo na beseni za maji zifunikwe, maana sungura akitumbukia kichwa mbele hawezi kujitoa.

Watoto wafundishwe kukaa chini kabla ya kumshika. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, mwingine ushike makalio. Kumshika masikio ni kumtesa, na kumbeba akiwa juu juu ni kumweka katika hatari ya kuanguka.

Kwenye nyumba zilizo karibu na shamba, adui wa usiku ni siafu. Wakimkuta mnyama amefungiwa asipoweza kukimbia, humshambulia mpaka afe. Wafugaji wengi huweka miguu ya banda ndani ya makopo yenye oili chafu, au humwaga majivu kuzunguka banda. Njia zote mbili zinahitaji kukaguliwa mara kwa mara: vumbi likijaa kwenye oili, siafu hupita juu yake.

Dalili za kutopuuza

Sungura na simbilisi huficha ugonjwa. Porini, anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa. Ukiona dalili waziwazi, ujue tatizo lilianza mapema.

- Hajala kwa saa 12. Kwa wanyama hawa hiyo ni dharura, si "tusubiri kesho".
- Kinyesi kimepungua, kimekuwa kidogo sana au hakipo. Sungura mzima hutoa gololi nyingi kila siku, hivyo sakafu safi ghafla si habari njema.
- Amejikunyata kona moja na kusaga meno kwa sauti.
- Anatoa udenda, anatetemeka, anapumua kwa mdomo au ana damu popote.

Ukishuku amekula sumu, fanya hivi

1. Ondoa kilichobaki ili asiendelee kula, na watenge wanyama wengine.
2. Piga picha ya pakiti, mmea au dawa kwa simu. Picha hiyo inaweza kumwokolea daktari muda mwingi.
3. Andika saa uliyomkuta na kiasi unachodhani amekula.
4. Mweke kwenye boksi lenye giza, matundu ya hewa na taulo. Utulivu hupunguza mshtuko.
5. Mpigie daktari wa mifugo hapohapo, kabla dalili hazijaanza.

Na mambo ya kutofanya ni machache lakini mazito. Usijaribu kumtapisha, haiwezekani. Usimnyweshe maziwa eti yanakata sumu. Hayakati, na mnyama aliyelegea anaweza kuyavuta mapafuni. Mafuta ya kula na maji ya chumvi ni hivyohivyo. Mkaa wa jikoni si ule mkaa maalumu wa hospitali.

Madaktari wengi wa mifugo hushughulika zaidi na ng'ombe, mbuzi na kuku. Ndiyo maana inafaa kuuliza mapema, mnyama akiwa mzima, ni nani katika eneo lako anayetibu wanyama wadogo. Duka la dawa za mifugo lililo karibu kwa kawaida huwajua. Namba hiyo iwe imeshahifadhiwa kwenye simu.

Pa kuanzia leo

Ukaguzi wa nyumba hauhitaji pesa. Lala chini sakafuni, tochi ya simu mkononi, na utazame chumba kutokea kwenye kimo cha sungura. Kutoka hapo utaona waya uliojificha nyuma ya runinga, kidonge kilichoangukia chini ya kabati, chambo cha sumu kilichowekwa mwaka jana na kusahaulika, kona ya chandarua inayoburuta.

Kisha anza na chumba kimoja. Kisafishe, kizibe, kiwekee nyasi, maji na vijiti vya kutafuna. Mnyama azurure humo tu mpaka vyumba vingine viwe tayari. Kama jikoni hapawezi kuwa salama, ubao wa kimo cha goti mlangoni unatosha kumzuia simbilisi, maana si hodari wa kuruka. Sungura anahitaji ubao mrefu zaidi, angalau mita moja.